Bayard Rustin na Neno Lililosahaulika

Kila ninapofundisha uchanganuzi wa hotuba, huwauliza wanafunzi wangu ni nani aliyeandaa maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963. Wote humtaja Martin Luther King. La hasha! King alihutubia, mwandalizi alikuwa Bayard Rustin, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1912.

Rustin alivutiwa kimapenzi na wanaume, na hakulificha jambo hilo kama walivyolificha wengi wa zama zake. Alilipia kwa riziki yake. Alipofungwa zaidi ya miaka miwili kwa kukataa kwenda vitani, shirika la wapenda amani lililomwajiri mwaka 1941 lilimpokea tena kwa heshima. Lakini alipokamatwa pamoja na wanaume wawili mjini Pasadena, Januari 1953, na kufungwa siku 60, shirika lilo hilo likamwachisha kazi. Mwaka 1960 mbunge Adam Clayton Powell, mweusi mwenzake, alitishia kumzulia uhusiano na King, naye Rustin akajiuzulu kazi yake kwa King.

Hata mwaka 1963 baadhi ya viongozi walikataa asiitwe mkuu wa maandamano. Mzee A. Philip Randolph akakitwaa cheo mwenyewe, kisha akamteua Rustin kuwa naibu wake. Kwa muda usiotimia miezi miwili, naibu huyo aliwakusanya watu wapatao 250,000. Seneta Strom Thurmond alimshambulia hadharani kwa sababu ya mapenzi yake. Safari hii wenzake hawakumtupa.

Nami kama mwanaisimu hulitazama jina lenyewe: yalikuwa maandamano ya kazi na uhuru. Kazi ilitajwa kwanza, ila siku hizi tunakumbuka uhuru tu. Waandamanaji walidai mshahara usiopungua dola 2 kwa saa, na sheria ya kukomesha ubaguzi kazini. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1964, ikataja rangi, dini, jinsia na asili ya mtu.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi niliyaruka haya darasani nikihofia minong'ono. Nilikosea, kwani mwanafunzi asiyeyajua hawezi kueleza kwa nini mpangaji hodari kiasi hicho alikosa cheo.

Rustin alifariki tarehe 24 Agosti 1987. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ile ya 1964 inawalinda wafanyakazi kama yeye tarehe 15 Juni 2020.