Semei Kakungulu, jenerali wa Uganda aliyekufa Muyuda

Semei Kakungulu alikufa tarehe 24 Novemba 1928 karibu na muji wa Mbale, mashariki ya Uganda, chini ya mulima Elgon. Alikufa akiwa Muyuda. Miaka 30 mbele ya pale alikuwa Muprotestanti, mukubwa wa vita, na mutu wa mukono wa Waingereza. Huku Kivu wengi wanasikia tu kwamba Uganda kuko Wayuda weusi, lakini jina la mutu aliyeanzisha hayo mambo hawalijui.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Kooki, ufalme mudogo kusini-magharibi ya Buganda. Akiwa kijana alienda kutumika Buganda kwa mufalme Mwanga, akajifunza bunduki na kuwinda tembo, akabatizwa kwa Waprotestanti. Wakati dini zilianza kupigana Buganda, alipigana upande wa kanisa lake. Mwaka 1899 watu wake walikuwa pamoja na Waingereza huko Lango wakati Mwanga na Kabalega, mufalme wa Bunyoro, walikamatwa. Wafalme wote wawili walipelekwa visiwa vya Seychelles. Mwanga alifia kule mwaka 1903.

Kisha Kakungulu aligeukia mashariki. Na askari zake Waganda alishika inchi kubwa, akaweka wakubwa wake, akakata barabara. Alitumaini Waingereza watamufanya mufalme wa ile inchi. Hawakumufanya. Walimutoa Budaka, makao yake, wakamupa maili 20 za mraba za udongo huko Mbale. Kutoka 1906 mpaka 1913 walimuweka mukubwa wa Busoga, lakini sawa mufanyakazi wa serikali tu, mwenye mushahara, anayeweza kuachishwa.

Watu wengine wanasema aliacha kanisa juu ya hasira kwa wazungu. Hasira ilikuwako, hakuna mutu anayekataa. Lakini mutu wa miaka 50 hawezi kujitahiri juu ya hasira peke yake.

Kwanza aliingia kwa Wamalaki, kikundi cha Wakristo wa Buganda waliokataa daktari na dawa zote, wakisema Mungu peke yake anaponya. Serikali ilipotaka kuchanja watu na ng'ombe, Kakungulu alikataa. Hapo ni ngumu kumutetea. Watu wa Kivu ya Kaskazini walioona Ebola ya 2018 mpaka 2020 wanajua kukataa chanjo kunazaa nini.

Kwa Wamalaki alisoma Biblia mustari kwa mustari, zaidi vitabu vya Musa. Aliona amri ya kutahiriwa, akaona haijafutwa popote katika vile vitabu. Wenzake walimuambia kwamba tohara ni ya Wayuda, watu wasiomuamini Yesu. Yeye alijibu kwamba kama ni hivyo, kuanzia siku ile yeye ni Muyuda. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na watoto wake wanaume, na watu wake wengi wakamufuata. Wamalaki waliachana naye, naye akakaa na watu wake Gangama, nje kidogo ya Mbale.

Lakini kwa wakati ule walikuwa bado katikati. Walishika Sabato na tohara, na huku walibatiza watoto na kusoma Agano Jipya. Walifanana na makundi ya leo yanayojiita ya Kimasiya, yanayofuata sikukuu za Wayuda na kusema Masiya amekwisha kuja, ni Yesu. Mwaka 1920 Muyuda mumoja kutoka ngambo, anayekumbukwa kwa jina la Yosef, alikaa kwao karibu miezi sita. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja nyama, akawaonyesha kwamba ubatizo na Agano Jipya haviko vya Wayuda. Kakungulu aliviacha.

Hapo jambo linakuwa zito. Kwa Mukristo, Yesu ndiye anayesafisha roho. Ukimuondoa, roho ya mutu aliyekufa inasafishwa na nani?

Penye matanga huku Goma, hiyo swali haikosi. Mukatoliki anaombesha misa juu roho ya marehemu itoke toharani. Muprotestanti anasema kesi imekwisha kukatwa, hakuna tena kumuombea. Muadventista anasema marehemu analala mpaka siku ya ufufuko.

Wayuda wako karibu na Mukatoliki kuliko vile watu wanawaza. Walimu wao wa zamani walifundisha kwamba hukumu ya waovu katika Gehinomu inadumu miezi 12. Kwa wengi wao, ile si moto wa milele. Ni mahali pa kuosha roho, na mwisho wake unajulikana. Mutoto anamusomea muzazi wake sala ya Kadishi kwa miezi 11 tu. Akifikisha 12, ni sawa kusema baba yake alikuwa muovu. Na katika ile sala kifo hakitajwi hata mara moja, ni kumusifu Mungu tu. Mwili nao unaoshwa na kuvalishwa sanda nyeupe, moja kwa tajiri na masikini, sawa kwa Waislamu. Kisha wanangojea ufufuko, na Masiya ambaye kwao hajafika. Wengine kati yao, zaidi wanaofuata mafundisho ya Isaac Luria aliyekufa huko Safed mwaka 1572, wanaamini roho inaweza kurudi katika mwili mwingine kumaliza kazi iliyobaki.

Hata hivyo, kusafisha kwenyewe kunaanza mutu akiwa hai. Anatubu, anamurudishia jirani haki yake, anafunga siku ya Kipuri. Kwa jenerali aliyemwanga damu Bunyoro na mashariki yote, hiyo haikuwa hesabu ndogo.

Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha Kiganda, karibu kurasa 90, cha sala na sheria kwa watu wake. Alipokufa, wengine walirudi makanisani. Idi Amin alikataza dini yao katika miaka ya 1970, na kutoka karibu 3.000 walibaki karibu 300. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli walifika, wakapokea mamia kwa sheria kamili ya Kiyuda. Gershom Sizomu, mujukuu wa mumoja wa wanafunzi wa Kakungulu, alipata urabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mubunge.

Kaburi la Kakungulu liko karibu na nyumba yake ya zamani. Maandishi ya jiwe yanamutaja sawa jenerali mushindi na mutawala wa provensi ya mashariki.