James Chuma: Mtumwa Aliyekombolewa, Kiongozi wa Njia za Milimani

Mwezi Novemba Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wote, na kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma ya kimwili. Ni vema basi kumkumbuka James Chuma, ambaye jina lake hutajwa pembeni ya majina ya Wazungu, ilhali miguu yake ndiyo iliyowatangulia, hata katika Nyanda zetu za Juu Kusini.

Chuma alizaliwa miongoni mwa Wayao yapata mwaka 1850, akatiwa utumwani angali mtoto. Mwaka 1861, katika nchi ambayo leo ni Malawi, msafara wa watumwa aliokuwamo ulizuiwa na David Livingstone pamoja na wamisionari wa Kianglikana, naye akafunguliwa. Alisoma Bombay, India, akabatizwa huko mwaka 1865. Mwaka uliofuata alirudi Afrika pamoja na Livingstone, akaandamana naye bara kwa miaka 7.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Hakuna aliyewaamuru Chuma na wenzake jambo lolote. Wangeweza kumzika hapo na kwenda zao. Badala yake, yeye na Abdullah Susi waliwaongoza wenzao kuuzika moyo wa marehemu chini ya mti, kuukausha mwili kwa chumvi na jua, na kuubeba hadi pwani. Huko Unyanyembe, Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wauzike hapo. Walikataa. Mbele ya safari, wenyeji walipozuia maiti kupita, waliufunga upya mwili ufanane na mzigo wa vitambaa.

Mwezi Februari 1874, baada ya kutembea zaidi ya kilomita 1,600, walifika Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliupokea mwili katika misheni yao. Kisha ukasafirishwa hadi London, ukazikwa Aprili 18, nao Chuma na Susi hawakuwapo. Walifika Uingereza baadaye, wakasaidia kuandaa kitabu cha safari za mwisho za marehemu.

Mwezi Mei 1879 Chuma aliondoka Dar es Salaam akiwa mnyapara mkuu wa msafara wa watu wapatao 150, uliotumwa kutafuta njia ya kufika maziwa makuu. Mkuu wa msafara, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi Juni. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Mzigo wa kila siku ulikuwa wa Chuma: kupanga wapagazi, kusuluhisha ugomvi, kuzungumza na watawala wa kila nchi. Walipita Mahenge na Uhehe, wakavuka milima hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kisha wakaelekea Ziwa Tanganyika. Hayo yalikuwa majira ya baridi tunayoijua sote. Leo msomaji wa Soweto jijini Mbeya hupanda basi asubuhi akafika Iringa siku hiyohiyo. Watu hao walizipanda nyanda hizi kwa miguu, kila mpagazi na mzigo wake. Msafara ulirudi pwani mwaka 1880.

Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Wapendwa, ndugu huyu hakuwa wa Kanisa letu Katoliki, lakini ubatizo wake ni ubatizo wa Kristo, na uaminifu wake unatufundisha. Tena unatuuliza swali. Katika jumuiya zetu wapo wanaokesha msibani, wanaochimba kaburi, wanaobeba jeneza mlimani wakati wa mvua. Siku ya shukrani hutajwa wageni rasmi, nao husahaulika. Mungu hawasahau. Nasi tuwataje kwa majina, na mwezi huu tumkumbuke Chuma katika sala zetu. Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Amina.