'Abdullaah At-Tarjumaan: Mtawa wa Mallorca Aliyetoka Kanisani kwa Uwazi



Mtu anapoiacha dini aliyozaliwa nayo, watu wake huuliza kwanza amefuata nini: mke, mali au kazi? Na sisi tunaompokea mara nyingi hutosheka na takbira ya siku ya shahada, kisha kila mmoja akaenda zake. Kwa hivyo tumeona tukumbushane maisha ya mtu wa kisiwani kama sisi, aliyeishi zaidi ya miaka 600 iliyopita, na ambaye aliliona swali hilo kabla halijaulizwa.

Alizaliwa katika kisiwa cha Mallorca katikati ya karne ya 14 Miladia, akaitwa Anselm Turmeda. Habari zake nyingi tunazo kwa sababu yeye mwenyewe aliziandika. Alikuwa mtoto pekee wa baba yake. Alipotimiza miaka sita alipelekwa kwa padri kusomeshwa Injili, kisha akaenda Lleida, na baadaye Bologna, Italia, mji uliosifika kwa elimu. Akaingia katika shirika la watawa wa Kifransisko.

Huko Bologna alikaa miaka kumi kwa padri mzee, mwanachuoni mkubwa aitwaye Nicolau Martell. Mzee alimwamini hata akamkabidhi funguo za nyumba na za ghala la chakula. Siku moja mzee aliumwa, na wanafunzi wakabaki wakijadiliana juu ya jina moja lililomo katika Injili ya Yohana, la yule ambaye Nabii 'Iysaa ('Alayhis-salaam) alibashiri kuja kwake baada yake. Kila mmoja alisema lake. Kijana aliporudi na kumsimulia mwalimu wake, mzee alilia, akamwambia kwa siri kwamba jina hilo ni la Mtume wa Waislamu, na kwamba kuokoka kwake kumo katika kumfuata.

Kijana akamuuliza: basi wewe mbona hukwenda? Jibu la mzee ndilo lililotufanya tuiandike makala hii. Alisema haki hiyo ilimdhihirikia akiwa tayari mzee, mwenye heshima na mali, na kwamba watu wake wangejua wangemuua. Kisha akasema hata kama angenusurika akafika kwa Waislamu, wangemwambia kuwa Uislamu wake ni faida yake mwenyewe, asije akawasimbulia. Angebaki fakiri wa miaka 90, hajui lugha yao, mpaka afe kwa njaa katikati yao. Tuangalie vizuri: mzee huyu alizuiwa na hofu ya watu wake, na alizuiwa pia na hofu ya kutupwa na sisi.

Kijana akaagana naye. Alirudi Mallorca akakaa miezi sita, akavuka hadi Sicily akakaa miezi mitano akingoja chombo, ndipo akafika Tunis. Alikuwa na umri wa miaka 35 hivi. Wafanyabiashara wa Kikristo wa mji huo walimkaribisha kwa heshima, akakaa nao miezi minne. Kisha tabibu wa Sultani, aitwaye Yuusuf, akampeleka kwa Sultani Abul-'Abbaas Ahmad.

Mbele ya Sultani aliomba jambo moja. Alisema hakuna anayeiacha dini yake ila watu wake humsema vibaya, basi waitwe wafanyabiashara hao waulizwe juu yake kabla hajadhihirisha Uislamu wake. Sultani akamwambia ameomba kama alivyoomba 'Abdullaah bin Salaam (Radhwiya Allaahu 'anhu) kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam). Akawekwa katika chumba cha karibu. Wafanyabiashara walipoulizwa walimsifu kwa elimu na uchaji. Je, akisilimu? Wakasema hawezi kabisa. Hapo akatoka akatamka shahada mbele yao. Wakasema hakuna kilichomleta ila hamu ya kuoa, kwani mapadri wao hawaoi. Lakini sifa walikwisha kumpa kwa ndimi zao wenyewe.

Hatusemi kwamba mtu aicheleweshe shahada ili apate mashahidi. Aliyeitambua haki asingoje. Tunachojifunza ni kwamba alitoka akiwa na jina jema, hadharani, hana deni la hiana kwa mtu. Asiibe, asitukane, asiwakimbie wazazi. Suratu Luqmaan imeamrisha kukaa na wazazi kwa wema hata wanapomshikilia mtoto amshirikishe Allaah, bila ya kuwatii katika hilo. Na Asmaa bint Abi Bakr (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) alipojiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alimwamrisha amuunge.

Sasa tuangalie upande wa waliompokea. Sultani alimpa nyumba na posho ya kila siku, na alipooa binti wa Hajj Muhammad As-Saffaar akamsaidia kwa dinari 100 za dhahabu. Baada ya miezi mitano aliwekwa katika forodha ya bandarini, kati ya wakalimani, ili ajifunze Kiarabu. Alikijua kwa mwaka mmoja, akawa mkalimani mwenyewe. Ndiyo maana ya jina At-Tarjumaan. Mtoto wake wa kiume alimwita Muhammad.

Mwaka 1412 Papa Benedict XIII, mmoja wa waliogombania upapa zama zile, alimtolea msamaha ili arudi, na mwaka 1423 mfalme Alfonso V wa Aragon akampa hati ya usalama wa safari. Hakurudi. Mwaka 823 Hijria, yaani 1420 Miladia, alikwisha kuandika kitabu chake Tuhfatul-Ariyb, kinachoanza na kisa cha kusilimu kwake. Kaburi lake liko Tunis, karibu na soko la watengeneza matandiko ya farasi.

Mwalimu aliogopa kufa njaa kati ya Waislamu. Mwanafunzi akapata kwao nyumba, kazi, lugha na ukoo. Ikiwa mtaani mwetu yupo aliyesilimu mwaka jana na leo Idd yake anaila peke yake, basi hofu ya mzee yule imesadikika kwetu. Tumwendee kabla ya Ijumaa ijayo: tumuulize anakula wapi, nani anamsomesha, na wazazi wake mara ya mwisho aliwaona lini.

Na Allaah Anajua zaidi.