Lincoln kabla ya urais

Wengi tunamjua Abraham Lincoln kama rais wa Marekani. Mimi humkumbuka zaidi kwa uchaguzi alioshindwa. Mwaka 1832, akiwa na miaka 23, aligombea ubunge wa jimbo la Illinois, akaangushwa. Lakini kijijini kwake New Salem alipata kura 277 kati ya 300. Waliomjua walimwamini. Akarudi 1834, akashinda. Kisha 1836, 1838 na 1840. Mwaka 1837 bunge lile liliwalaumu wapinga utumwa. Naye aliwakosoa, ila yeye na mwenzake Dan Stone waliandika rasmi kwamba utumwa ni dhuluma. Mwaka uliofuata alichaguliwa tena. Wewe unayegombea uongozi chuoni, nakuuliza: jirani yako bwenini atakupigia kura?