Major Taylor: Kimo cha Messi, kasi ya treni

UKISIMAMA pale Magole, wilayani Kilosa, mahali ambapo barabara ya Turiani inaachana na lami ya Morogoro kwenda Dodoma, utaziona baiskeli za kila namna. Hii imebeba mkaa, ile imebeba gunia la mpunga, nyingine imepakia mama na mtoto kwenye keria. Na ukikaa kijiweni, ubishi wa Simba na Yanga ukishapoa, haukawii kuzuka mwingine: kati ya mtu mwenye mwili na mtu mdogo mdogo, nani ana mbio?

Kwenye soka tumeubishania sana huo. Tumemwona Mrisho Ngassa na umbo lake dogo akiwaacha mabeki wamesimama kama nguzo za umeme. Halafu tumeona straika jitu la miraba minne likikimbia kama limefukuzwa na nyuki. Basi kila mtu anaondoka na jibu lake.

Kwenye baiskeli, ubishi huo una zaidi ya miaka 120, na mtu aliyeujibu kwa miguu yake ni Mmarekani mweusi aliyeitwa Marshall Walter Taylor. Dunia ilimjua kama Major Taylor. Kimo chake kilikuwa takriban futi 5 na inchi 7, yaani sentimita 170, sawasawa na Lionel Messi. Mwaka 1899 alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli, mtu mweusi wa kwanza kuufikia ubingwa huo.

Alizaliwa Novemba 26, 1878, Indianapolis, jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa mwendesha magari ya farasi wa familia moja ya kitajiri ya wazungu, na kijana Marshall akawa rafiki wa kucheza na mtoto wa nyumba ile. Ndiko alikoipata baiskeli yake ya kwanza. Akaishika vizuri mpaka akaanza kufanya vituko juu yake, na duka moja la baiskeli likamwajiri awachezee watu nje ya mlango ili kuvuta wateja. Alikuwa akivaa sare ya kijeshi, basi watu wakambatiza Meja. Jina likaganda mpaka kaburini.

Mlango uliofungwa

Sasa sikiliza kisa cha mwili wake, maana hapo ndipo penye somo.

Pale Indianapolis, marafiki zake wa kizungu walikuwa wakienda YMCA kufanya mazoezi ya viungo. Taylor alikataliwa kwa rangi yake. Wenzake wanajenga vifua na mabega, yeye anabaki nje na miguu yake ya baiskeli.

Mwaka 1895 mwendesha baiskeli mstaafu na mtengenezaji wa baiskeli, Louis Munger, aliyekiona kipaji chake, akamchukua kwenda naye Worcester, jimbo la Massachusetts. Kule YMCA ikampokea. Kijana akaingia ukumbini, akaanza kuufanyia kazi mwili wa juu ulingane na miguu. Nje akajifua kwenye mlima wa mtaa wa George, mkali kiasi kwamba hadi leo watu wa Worcester hufanya mashindano ya kuupanda kwa kumkumbuka.

Kwa nini kifua na mikono vimhusu mtu anayekanyaga pedali? Mtazame kijana wa Magole anavyonyanyuka kwenye siti ili baiskeli yenye gunia ianze kutembea. Anauvuta usukani kwa nguvu zote. Mguu unasukuma chini, mkono unavuta juu, mgongo unaviunganisha. Mgongo ukilegea, nusu ya nguvu ya mguu inapotea hewani. Taylor alitoka Worcester akiwa ameumbika kama chuma: si mrefu, si mnene, lakini kila kilo ilikuwa na kazi yake.

Mwili dhidi ya upepo

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu upepo. Mwendesha baiskeli kwenye tambarare akishakolea kasi, adui yake mkubwa si uzito, ni hewa. Na hewa ina roho mbaya: ukitaka kuongeza kasi yako mara mbili, inakudai nguvu mara nane.

Ndiyo maana jitu lina faida kwenye tambarare. Mtu akizidi ukubwa, misuli yake huongezeka haraka kuliko kile kifua kinachopigwa na upepo. Lakini mpeleke jitu huyo huyo apande kutoka Dumila kwenda Gairo uone. Mlimani kila kilo inapandishwa kwa jasho, na hapo mwembamba anacheka.

Mdogo naye ana silaha zake. Anainama chini, upepo haumpati. Anajificha nyuma ya mgongo wa mkubwa, anapumzika pale kwenye kivuli cha hewa, halafu mita za mwisho anachomoka.

Taylor aliyajua yote haya kwa vitendo. Alilala mbele juu ya baiskeli, mgongo umenyooka kama meza. Mikono yake ilihitaji nafasi zaidi, basi akatumia shingo ya usukani inayosogezwa mbele, na kifaa kile kikabaki na jina lake. Novemba 1899, kule Chicago, alikimbia maili moja nyuma ya mashine ya mvuke iliyomkinga upepo, akatumia dakika 1 na sekunde 19. Hiyo ni kama kilomita 73 kwa saa, kwa miguu, enzi ambazo magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu.

Kuzibiwa njia

Aliingia rasmi kwenye mbio za kulipwa Desemba 1896, akiwa na miaka 18, pale Madison Square Garden, New York. Kwenye mbio fupi ya ufunguzi alimpiga Eddie Bald, mkali wa kasi wa Marekani wakati ule. Kisha akaingia kwenye mashindano ya siku sita ya kuzunguka uwanja, akamaliza wa 8 baada ya kutembea zaidi ya kilomita 2,700. Mwanariadha wa kasi, siku sita! Ni sawa na kumchukua winga ukamwambia acheze dakika 90 asubuhi, mchana na jioni, wiki nzima.

Ushindi ukamletea maadui. Wapinzani wengi walikubaliana kimyakimya kwamba yeyote ashinde, ila si huyu. Walimzingira katikati, mmoja mbele, mmoja pembeni, wengine nyuma, asipate upenyo. Wachezaji wa mpira mnajua kufungiwa na mabeki wawili. Huyu alifungiwa na uwanja mzima. Kinara wa njama hizo alikuwa Floyd MacFarland, jamaa mrefu kupita futi 6, ambaye mgongo wake peke yake ulitosha kuziba njia.

Septemba 1897, mjini Taunton, Massachusetts, mpinzani aliyeitwa Becker alimvamia baada ya mbio akamkaba koo mpaka Taylor akazimia. Ilichukua robo saa kumzindua. Adhabu ya Becker ilikuwa faini ya dola 50.

Hapo ndipo ule mwili wa kati ukawa ngao. Taylor alijifunza kusoma pengo kabla halijafunguka, akapita mahali ambapo mtu mpana asingepita. Na kama hakuna pengo, alianza mapema, akakaa mbele, akawaambia kwa vitendo wamfukuze. Mbinu ya kukaa mbele inakula nguvu maana upepo wote ni wako. Lakini mbele hakuna wa kukukaba.

Agosti 1899, Montreal, Canada, aliutwaa ubingwa wa dunia wa maili moja, akimpita kwa kiduchu Mmarekani mwenzake Tom Butler. Kwenye michezo yote, kabla yake ni bondia George Dixon tu ndiye mtu mweusi aliyekuwa amefika huko.

Mwaka 1901 akavuka bahari kwenda Ulaya. Alikuwa Mbaptisti wa kweli kweli, hakukimbia Jumapili hata kwa fedha nyingi, na waandaaji wakalazimika kubadilisha ratiba zao. Paris ilimsubiri Edmond Jacquelin, bingwa wa dunia wa 1900, aliyesifika kwa mshindo wa ghafla ulioacha watu midomo wazi. Mei 16, siku ya baridi, Jacquelin alimfunga, kisha akamdhihaki kwa ishara ya kidole puani mbele ya umati. Mei 27 wakarudiana. Jua liliwaka, na Meja akamshinda mara mbili mfululizo. Mashabiki wa mpira wanaijua ladha ya mechi ya marudiano ya namna hiyo.

Uzito ulipomgeuka

Mwaka 1902 alimwoa Daisy Morris. Akakimbia Australia, ambako binti yao alizaliwa mwaka 1904 akaitwa Sydney kwa jina la mji ule. Lakini mwili na akili vilikuwa vimechoka. Akaporomoka kiafya, akakaa nje ya mbio kwa zaidi ya miaka miwili.

Aliporudi Ulaya mwaka 1907 alikuwa amenenepa, na mwanzoni alipigwa na watu ambao zamani angewaburuza. Ikabidi azitoe zile kilo moja moja kwa mazoezi kabla ya kuanza kushinda tena. Huyo ndiye yule yule, miguu ile ile, maarifa yale yale. Kilichobadilika ni kwamba amebeba mzigo usiosukuma pedali. Kilo za misuli zinakulipia nauli yao. Kilo za mafuta zinapanda bure. Mwaka 1910, akiwa na miaka 32, akatundika baiskeli.

Mwisho wake unauma. Biashara zilimwendea vibaya, fedha zikayeyuka. Mwaka 1928 alichapisha kwa gharama zake kitabu cha maisha yake na kukitembeza mlango kwa mlango. Akaishia Chicago, katika hosteli ya YMCA, wale wale waliomfungia mlango utotoni Indianapolis na kumfungulia Worcester. Alifariki Juni 21, 1932, katika wodi ya maskini, akiwa na miaka 53, akazikwa kwenye kaburi lisilo na alama. Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani, kwa msaada wa mwenye kampuni ya baiskeli za Schwinn, walimhamishia kwenye kaburi la heshima.

Jibu la kijiweni

Basi nani ana mbio? Tazama Tour de France ya siku hizi. Mjerumani Marcel Kittel, jitu la sentimita 188 na zaidi ya kilo 80, alishinda hatua 14. Mwingereza Mark Cavendish, mwenye sentimita 175 na kilo 70 hivi, ameshinda 35, rekodi ya wakati wote. Na mwaka 2024 ndugu yetu wa Eritrea, Biniam Girmay, mrefu lakini mwepesi, alishinda hatua tatu na kuvaa jezi ya kijani mpaka mwisho. Miili mitatu, kila mmoja na namna yake ya kuufikia mstari.

Umbo linaamua utakimbia vipi. Haliamui kama utashinda. Taylor wa Indianapolis na Taylor wa Worcester walikuwa na kimo kile kile. Tofauti ilikuwa ukumbi wa mazoezi uliomwambia karibu, na mtu mzima mmoja aliyemwamini.

Hili linatuhusu. Kwenye majaribio ya vijana, mara nyingi kocha huwapanga watoto mstari, akawatazama kwa jicho, na wafupi wakarudi nyumbani kabla hawajagusa mpira. Pengine mmoja wao ndiye yule anayepandisha mpunga kwa baiskeli kila siku, mwenye mapaja ambayo hakuna aliyeyaona kwa sababu hakuna aliyempa dakika kumi za kukimbia. Mpeni hizo dakika kumi kwanza. Kimo mtakipima baadaye.