Sheikh Rifaa Al-Tahtawi: Imamu wa Al-Azhar aliyeisoma Ulaya

Huko Leiden, Uholanzi, Kiarabu kinafundishwa chuo kikuu tangu mwaka 1613. Mjini London, chuo cha SOAS kilianzishwa mwaka 1916, wakati ambapo Uingereza ilikuwa ikitawala mamilioni ya Waislamu na ilihitaji maofisa wanaowajua. Katika kumbi za vyuo hivyo na vingine vingi, wasomi wa Kizungu hukaa wakajadili sharia yetu, ndoa zetu, siasa zetu na hata khitilafu za madhehebu yetu, na mara nyingi sisi wenyewe hatumo. Hilo tunalijua na tunalilalamikia sana. Tusiloulizana ni hili: ni lini sisi tumekaa tukaisoma Ulaya namna hiyo? Si kuilaani mimbarini, wala kuishangaa kwenye televisheni, bali kuisoma: sheria zake, magazeti yake, historia yake, na watu wake wanavyoishi majumbani mwao.

Yupo mtu aliyeifanya kazi hiyo karibu miaka 200 iliyopita, naye alikuwa imamu wa kuswalisha.

Rifaa Rafi Al-Tahtawi alizaliwa mwaka 1801 katika mji wa Tahta, kusini mwa Misri. Ni mwaka huo huo majeshi ya Ufaransa yalipoondoka nchini humo, baada ya uvamizi wa Napoleon ulioanza mwaka 1798. Ukoo wake ulikuwa wa masharifu, wenye maulamaa ndani yake, na uliishi kwa haki ya kukusanya kodi za ardhi. Mtawala wa Misri, Muhammad Ali Pasha, alipoufuta utaratibu ule, familia ikaanguka, na baba yake akabaki kuhamahama kwa jamaa. Baba alipofariki, kijana huyu akaelekea Cairo na mwaka 1817 akaingia Al-Azhar.

Hapo ndipo alipompata Sheikh Hasan Al-Attar, na bila ya sheikh huyo pengine tusingelijua jina la Tahtawi kabisa. Wafaransa walipokuwa Cairo, Al-Attar alikwenda kuonana na wasomi waliofuatana na jeshi, akawafundisha Kiarabu, akaviona vitabu na vyombo vyao. Alirudi na yakini kwamba Misri haina budi kuzijua elimu zile, nyingi zikiwa ni elimu ambazo Waislamu walizijua zamani wakaziacha zikafa. Alimfundisha Rifaa historia, jografia na fasihi, masomo ambayo Al-Azhar ya wakati ule haikuyapa uzito. Mwaka 1826, Muhammad Ali alipoamua kupeleka vijana zaidi ya 40 kusoma Paris, Al-Attar ndiye aliyempendekeza Rifaa awe imamu wao, na akamuusia aandike kila atakachokiona.

Kazi yake basi ilikuwa kuwaswalisha vijana na kuwachunga wasipotee. Hakuna aliyemtuma kusoma. Lakini alianza kujifunza herufi za Kifaransa huko huko Marseille, bandari waliyoshukia, wakiwa bado hawajafika Paris. Mji huo ulikuwa na Wamisri walioondoka na jeshi la Napoleon mwaka 1801, na wengine miongoni mwao walikuwa wamekwisharitadi na kuingia Ukristo. Imamu aliwaona kwa macho yake. Hakuhitaji kuhadithiwa hatari ya safari ile.

Paris alikaa hadi mwaka 1831. Msimamizi wa masomo yao alikuwa Edme-François Jomard, mmoja wa wale wale wasomi waliofika Misri na Napoleon. Msomaji na alitafakari hilo: aliyeisoma Misri chini ya kivuli cha mizinga sasa ndiye mwalimu wa Wamisri. Tahtawi alijua hilo, na bado akachota kwake alichoweza. Aliwasoma Montesquieu, Voltaire na Rousseau. Alisoma hadi usiku mwingi, jicho lake la kushoto likadhoofika. Alikutana pia na Silvestre de Sacy, mkuu wa mustashriqina wa zama zile, na alipomaliza muswada wa kitabu chake alimpa ausome. De Sacy alimsifu, ila alimkosoa kwamba anawahukumu Wafaransa wote kwa kuwatazama watu wa Paris tu. Hayo ndiyo mazungumzo ya kielimu: Muislamu ameandika juu ya Wazungu, na Mzungu anasahihisha kama mtu anayesomwa. Ni mara ngapi jambo hilo limetokea tangu siku zile?

Kitabu chenyewe, kinachojulikana kwa ufupi kama Takhlis al-Ibriz, kilichapwa Bulaq mwaka 1834. Ndani yake mna kila kitu: namna Wafaransa wanavyokaa mezani na kula kwa uma, michezo ya jukwaani, hospitali, magazeti ambayo mtu wa kawaida anaweza kuandika kuwakosoa wakubwa. Aliwaona ni watu wenye bidii ya kazi na mabakhili kidogo. Aliona kwamba neno ulamaa huko halimaanishi watu wa dini, bali wajuzi wa hisabati, tiba na maumbile, na padri hahesabiwi msomi kwa upadri wake. Kuhusu wanawake, ambao wasafiri wengi wa Kiislamu waliwataja kwa kushtuka tu, yeye alisema stara ya mwanamke haipimwi kwa kujifunika au kutojifunika peke yake, bali kwa malezi aliyolelewa. Neno hilo lingezua mjadala hata leo katika misikiti yetu.

Lakini asidhani mtu kwamba alikwenda kusujudia. Alipowakuta wanafalsafa wa Paris wanadai kuwa akili ya mtu inatosha kuamua lipi jema na lipi baya, aliitambua hoja hiyo mara moja. Ni mas'ala yale yale ya Mu'tazila, aliyoyasoma Al-Azhar katika ilmul-kalaam, na jibu lake alikuwa nalo: bila ya wahyi, akili haitoshi. Kwa hiyo alionya kwamba vitabu vyao vya falsafa vimejaa upotofu, na anayetaka kuvisoma kwanza ajikite katika Qur'an na Sunna.

Mwezi Julai 1830 Mfalme Charles X alibana magazeti na kulivunja bunge, na watu wa Paris wakaingia mitaani. Kwa siku tatu, tarehe 27 hadi 29, mji ulikuwa vitani, na mfalme akaishia kukimbilia Uingereza. Tahtawi alikuwapo. Alikuwa tayari ameitafsiri kwa Kiarabu katiba ya mwaka 1814, ambayo kifungu chake cha kwanza kinawaweka Wafaransa wote sawa mbele ya sheria. Alieleza wazi kuwa mambo yale hayakutoka katika Kitabu cha Allah wala Sunna ya Mtume (S.A.W.), ila wamefahamu kuwa uadilifu ndio unaosimamisha dola. Hata tofauti ya mfalme wa Ufaransa na mfalme wa Wafaransa, yaani yule anayedai nchi ni milki yake na yule aliyewekwa na watu, aliichambua. Na yote hayo aliyaandika kwa ajili ya Misri, chini ya Pasha asiyeshauriana na mtu! Ajabu ni kwamba Pasha alikipenda kitabu, akaamuru kigawiwe, na kikatafsiriwa kwa Kituruki.

Kuna jambo moja linalouma. Tarehe 5 Julai 1830, wiki tatu tu kabla ya mapinduzi yale, Ufaransa ilikuwa imeuteka mji wa Algiers. Tahtawi analitaja. Anasimulia jinsi askofu mkuu wa Paris alivyompongeza mfalme kwa ushindi wa Ukristo juu ya Uislamu, na anapinga kwamba vita vile vilikuwa vya siasa na ugomvi wa biashara tu, si vya dini. Kisha anapita. Sisi tunajua yaliyofuata: miaka 132 ya ukoloni hadi mwaka 1962, ardhi zilizoporwa, na damu isiyo na hesabu. Kwa rai yangu hapa jicho lake lilikuwa dhaifu kuliko lile lililoumizwa na mishumaa. Alisoma kifungu cha usawa, hakuuliza mbona kifungu hicho hakivuki bahari. Tusimlaumu kupita kiasi, kwani mwaka 1831 nani alijua? Lakini leo, anayejadili siasa za Ulaya akaishia bungeni asifike Algeria, huyo hana udhuru.

Aliporudi, serikali ilifungua mwaka 1835 shule ya lugha, Madrasat al-Alsun, naye akawa mkuu wake. Yeye na wanafunzi wake walitafsiri vitabu vingi vya historia, jografia, sheria na sayansi. Kisha akaja Abbas, mjukuu wa Muhammad Ali, asiyependa mambo hayo. Shule ikafungwa, na mwaka 1850 Tahtawi akapelekwa Khartoum eti kufungua shule ya watoto. Ulikuwa uhamisho wa adhabu, na baadhi ya wenzake walifia huko. Yeye alijiliwaza kwa kutafsiri kisa cha Telemaque cha Fénelon, mwalimu wa mjukuu wa mfalme aliyepoteza radhi za mfalme kwa kuandika juu ya utawala mbaya. Wenye akili walielewa. Tafsiri ilichapwa Beirut mwaka 1867.

Ila Khartoum nayo ina doa lake. Mtu aliyewatazama Waparisi kwa subira na insafu kiasi kile, aliwaandika Wasudani, Waislamu wenzake, kwa dharau katika mashairi ya malalamiko yake. Sisi Waafrika weusi tuna haki ya kuliona hilo na kulisema.

Abbas alipofariki mwaka 1854, alirudi Cairo. Alisimamia tafsiri ya sheria za Ufaransa, akaongoza jarida la elimu lililoanza mwaka 1870, na akaandika kitabu cha malezi ya wasichana na wavulana pamoja, akitaka mabinti wasomeshwe. Nyumbani alikuwa amejifunga kwa maandishi kwa mkewe Karima, binti wa mjomba wake, kwamba hataoa mke mwingine wala kuweka suria maadamu yuko naye. Mwaka 1873 ikafunguliwa Cairo shule ya msingi ya wasichana ya serikali. Mwaka huo huo, tarehe 27 Mei, Sheikh Rifaa alifariki. Kitabu chake cha sira ya Mtume (S.A.W.) kilitoka baada ya kufa kwake.