Cyprien Rugamba: Aliombewa Nyumbani Kabla Hajaugua



Wengi wetu tuliingia Rwanda kwa kuvuka mpaka wa Gisenyi, mji unaoitwa pia Rubavu. Tulivuka tukiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni, na katika familia nyingi mlikuwa na mgonjwa. Tunakumbuka usiku ule wa kwanza Nkamira: mvua, baridi, mtu anakohoa ndani ya hema, na mama ameshika rozari gizani. Tulikuwa tunaomba jambo moja tu, mgonjwa wetu apone. Wako waliopona. Wako pia tuliowazika mbali na nyumbani. Tangu siku hizo swali linarudi katika jumuiya zetu ndogo ndogo: sote tuliomba, mbona huyu alipona na yule akaenda?

Katika toleo hili tunapenda kuwaletea maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana Rwanda nzima, Cyprien Rugamba. Tunamleta kwa sababu katika nyumba yake palikuwa na ugonjwa mzito, na palikuwa na mtu aliyeomba. Mtu huyo alikuwa mke wake, Daphrose.

Cyprien alizaliwa mwaka 1935, kusini mwa Rwanda. Alikuwa kijana mwenye akili nyingi, akaingia seminari akitaka kuwa padri, akafika hadi seminari kuu ya Nyakibanda. Humo humo imani yake ilipoa, na mwisho ikazimika. Aliondoka, akasoma historia, akaendelea na masomo hadi Leuven kule Ubelgiji. Moyo wake ulikuwa na jeraha pia. Msichana aliyekusudia kumwoa aliuawa katika machafuko ya miaka ya mwanzo ya uhuru wa Rwanda. Sisi tuliofiwa njiani tunaelewa jinsi jeraha kama hilo linavyoweza kumfungia mtu mlango wa sala.

Mwaka 1965 alimwoa Daphrose Mukasanga, mwalimu wa shule, binti aliyezaliwa mwaka 1944, jamaa ya yule mchumba aliyeuawa. Daphrose alikuwa Mkristo wa kweli. Cyprien alimwoa, lakini moyo wake haukuwa kwake. Haukupita muda mrefu, maneno ya uongo yakasemwa juu ya mke huyo. Mume akayaamini, akamrudisha kwa wazazi wake kwa miezi kadhaa. Hata aliporudi nyumbani, unyumba haukuwa na amani. Cyprien alizaa mtoto nje ya ndoa. Daphrose alimpokea mtoto huyo, akamlea pamoja na wake.

Mbele ya watu, Cyprien alikuwa mkubwa. Aliongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi kule Butare. Alikuwa mshairi na mtunzi, akaanzisha kikundi cha ngoma na nyimbo za asili kiitwacho Amasimbi n'Amakombe, kilichosifiwa ndani ya nchi na nje. Watu walimpigia makofi. Nyumbani, mke wake aliomba. Aliomba mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Hatusikii kwamba alimtangaza mumewe kwa majirani au kumhubiria mezani kila siku. Alimwombea, akalea watoto, akangoja. Walijaliwa watoto kumi.

Mwaka 1982 Cyprien alishikwa na ugonjwa mzito. Ulimpiga mahali alipokuwa na nguvu. Mtu aliyeishi kwa nyimbo, kwa kusoma na kwa kuandika hakuweza tena kazi zake. Alipelekwa Ulaya kutibiwa. Hapa tusimame kidogo, maana tumewahi kuona katika kambi mgonjwa akifungiwa ndani kwa maombi, na barua ya kumpeleka hospitali ikikaa mfukoni. Katika nyumba ya Rugamba sala haikumzuia mgonjwa kwenda kwa daktari, na daktari hakuizuia sala. Vyote viwili ni vya Mungu. Tena, mgonjwa akilala, tusimtafute mchawi. Daphrose alikuwa amewahi kusingiziwa yeye mwenyewe, alijua uongo unavyovunja nyumba.

Cyprien alipona. Lakini sio kupona kwa mwili ndiko kulikowashangaza waliomfahamu. Katika ugonjwa ule, imani aliyoiacha ujanani ilimrudia. Mtu mwenye kiburi aliinama. Alimwomba mke wake msamaha, na nyumba ikaanza upya. Daphrose alikuwa ameomba miaka 17. Mume aliyerudi kutoka kitandani hakuwa yule aliyeugua. Kutoka wakati huo alitunga nyimbo za kumsifu Mungu, na Wakristo wa Rwanda wanaziimba hata leo kanisani.

Mwaka 1989 walikwenda pamoja Paray-le-Monial, Ufaransa, wakaijua Jumuiya ya Emmanuel. Mwaka 1990 waliianzisha Rwanda. Katika nyumba yao ya Kigali watu walikusanyika kusali na kuabudu Ekaristi Takatifu. Daphrose aliwaona watoto wa mitaani wenye njaa, akaanza kuwapa chakula, na mumewe akaungana naye katika kazi hiyo. Wakati nchi ilikuwa inagawanyika kwa makabila, Cyprien alisema wazi mbele ya wakubwa kwamba kabila liondolewe katika vitambulisho. Alijua kwamba maneno hayo yana gharama.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais ilipoangushwa, familia ilikesha ikisali mbele ya Sakramenti Takatifu humo nyumbani. Asubuhi ya tarehe 7, siku ya kwanza ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, wanajeshi waliingia. Cyprien na Daphrose waliuawa pamoja na watoto wao sita.

Wapendwa, hapa ndipo swali letu linaporudi. Mungu alimponya mtu huyu mwaka 1982, na baada ya miaka 12 akauawa akiwa katika sala. Basi sala ilifaa nini? Sisi tunaona hivi. Kama sala ni bei ya kununulia miaka ya kuishi, ilikuwa bei mbaya. Lakini Daphrose hakununua kitu. Alimkabidhi mumewe kwa Mungu, na Mungu akampa mume aliyeweza kupenda, watoto waliomwona baba yao akipiga magoti, na miaka 12 ya nyumba yenye amani. Mauti ilipokuja iliwakuta pamoja. Hata Lazaro, aliyefufuliwa na Bwana mwenyewe, alikufa tena baadaye.

Hata kule Gisenyi tulikopita, wiki mbili baadaye, tarehe 21 Aprili 1994, Félicité Niyitegeka aliuawa pamoja na watu aliokuwa amewaficha. Kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alitaka kumwokoa peke yake, naye alikataa kuwaacha. Moyo wa namna hiyo haupatikani siku ya hatari. Hujengwa taratibu, kwa sala ya kila siku.

Kwa hiyo tusingoje mtu augue ndipo tutafute rozari. Tumwombee leo mume anayekunywa, kijana aliyeacha Misa, bibi asiyetaka kusamehe. Na mgonjwa akiwepo, tufanye yote: tumpeleke kituo cha afya, tumwite padri mapema kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa, kama Mtakatifu Yakobo anavyotufundisha katika sura ya 5 ya Waraka wake, tusiogope kwamba sakramenti hiyo ni ya kufa. Jumuiya ipeane zamu ya kumpelekea uji na maji, maana hiyo nayo ni sala. Na aliyefiwa tusimwambie kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Neno hilo linaua mara ya pili.

Mwaka 2015 Jimbo Kuu la Kigali lilifungua kesi ya kuwatangaza Cyprien na Daphrose wenye heri, na mwaka 2021 kazi ya jimbo ilimalizika, mafaili yakapelekwa Roma. Mjini Kigali kituo cha watoto wa mitaani, CECYDAR, kimebeba majina yao.

Jioni ya leo, kila familia iwashe taa yake na kumtaja kwa jina mgonjwa wake mbele ya Mungu. Wenye marehemu waliobaki makaburini Gisenyi, Goma, Masisi na Rutshuru, wawataje nao. Aliyeponywa na aliyelala wote wako katika mikono ile ile.

Bwana awe nanyi, wapendwa.